Wazee wa Ishiara Waliogeuzwa Vitabu

Phyllis, mke wa Kiunga, ndiye aliyenisimulia haya. Alikuja kwangu Mitunguu mwezi wa Desemba, mwaka wa tisini na tisa, kutafuta ndizi za Krismasi, na kwa kuwa mikungu ilikuwa imetoka kukatwa, tuliilaza kwenye majani utomvu ukauke kwanza. Hapo ndipo aliponiambia. Mengine aliyaona kwa macho yake, mengine aliambiwa na mume wake. Na Kiunga si mtu wa kuongeza chumvi. Miaka yote aliyokuwa polisi wa upelelezi kule Embu alizoea kusema alichokiona, halafu ananyamaza.

Wakati huo alikuwa amestaafu. Chuo kimoja pale Meru kilimwajiri achunguze wizi wa mitihani na mambo ya aina hiyo. Kesi za chuo, anasema Phyllis, zilimchosha kuliko za wezi wa ng'ombe, maana mwizi wa ng'ombe ukimpata, unampata na ng'ombe.

Hii ilikuwa kesi ya vitabu visivyopatikana.

Mwalimu Winfred Mukami aliingia katika ofisi ya Kiunga siku ya Jumanne, mtoto mchanga amemfunga kifuani kwa leso. Alikuwa akifundisha shule ya msingi huko Kiirua, na shule ilikuwa imempa ruhusa akasomee digrii. Kazi yake ya mwisho, ile ndefu wanayoiita tasnifu, ilikuwa juu ya akina mama wa Mbeere na jinsi walivyohifadhi mtama usiliwe na wadudu. Kamati ya chuo ilikuwa imeikataa. Ingekaa tena Ijumaa, na kama Mukami hangekuwa na jibu angefukuzwa. Shule nayo ikisikia amefukuzwa kwa udanganyifu, kazi ya ualimu ingemponyoka.

Kiunga aliifungua tasnifu kwenye kurasa za mwisho, akaigeuza imwelekee.

"Hii ni nini?"

"Ni marejeleo, afande. Ni pale unaposema maneno yako uliyatoa kwa nani."

"Nisomee mstari huu."

Mukami akainama, mkono mmoja umeshika kichwa cha mtoto. "Igoki. 1918. Kuhifadhi mtama. Ishiara. Kivuti."

"Sasa nieleze kama mtu ambaye hajui."

"Wa kwanza ni mwandishi. Halafu mwaka kitabu kilipotoka, jina la kitabu, mji, na mwisho ni mchapishaji."

"Mwaka wa 1918 Ishiara kulikuwa na mtambo wa kuchapisha vitabu?"

"Hapana."

"Leo upo?"

"Hata leo haupo."

"Basi hiki kitabu ulikisoma wapi?"

"Si kitabu, afande. Ni mtu." Akaweka kidole kwenye jina. "Igoki ni nyanya mmoja wa Ishiara. Niliketi naye jikoni kwake. Hawa wote unaowaona hapa ni watu niliowasikiliza kwa masikio yangu. Sijui walivyogeuka vitabu."

"Nani alipiga chapa?"

"Oscar, yule wa biro ya kupiga chapa iliyo nyuma ya stendi. Nilimwachia karatasi zangu zote, akasema atanipangia marejeleo kwa intaneti, siku hizi hakuna anayepanga kwa mkono. Uchungu ukanianza siku hiyohiyo. Oscar ndiye alichapa, ndiye alileta chuoni."

"Ulisoma kabla hajaleta?"

"Nilikuwa leba."

Kiunga hakucheka. Alifunga tasnifu, akaiweka kwapani. "Nenda nyumbani, Mwalimu. Usiende Ishiara. Usimtumie mtu yeyote huko salamu, hata za kanisa. Ukifanya hivyo utaniharibia."

*

Biro ya Oscar Mbogo ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili na mashine ya kutoa kopi. Simu ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye kompyuta ya pili, na laini hiyo waligawana na duka la dawa la upande wa pili wa ukuta. Mwenye dawa akiinua mkono wa simu, intaneti inakatika. Kwa hiyo kila wakati Oscar aligonga ukuta kwa rula na kupiga kelele, "Wacha simu!" na ukuta ukajibu, "Na wewe maliza!"

Oscar alipomwona Kiunga alisimama.

"Afande, leseni yangu iko sawa."

"Sikuja kwa leseni. Nionyeshe ile mashine inayopanga marejeleo."

"Si mashine, ni ukurasa. Wa chuo fulani huko ng'ambo." Oscar aliketi, akapiga ukuta, akabonyeza. Kompyuta ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Walingoja. Ukurasa ulishuka polepole, mstari baada ya mstari, kama mtu anayeteremsha pazia. Mwishowe vikatokea visanduku vitano. "Unaona? Hapa mwandishi, hapa mwaka, jina la kitabu, mji, mchapishaji. Unajaza, unabonyeza, inakupangia yenyewe. Nukta mahali pake, koma mahali pake. Walimu wote wa chuo wananitumia."

"Na kama ni mtu uliyeongea naye? Si kitabu?"

Oscar alikuna shingo. "Hapo ndipo ilinisumbua. Huu ukurasa unajua vitabu tu."

"Acha kisanduku kimoja wazi. Hicho cha mwisho. Bonyeza."

Oscar akafanya hivyo. Walingoja tena. Maandishi mekundu yakatokea juu ya ukurasa.

"Inasema nini?"

"Inasema kisanduku cha mchapishaji hakijajazwa. Inakataa. Ukiacha kimoja, inakataa vyote."

Kiunga alivuta kiti, akaketi. Phyllis anasema hiyo ndiyo dalili yake. Akisimama bado anatafuta, akiketi ameshika kitu.

"Mukami aliandika nini kwenye karatasi kuhusu huyu Igoki?"

"Aliandika, Igoki, nyumbani kwa Kivuti, Ishiara, alizaliwa njaa ya 1918. Basi. Mwaka nilipewa huo, nikaweka huo."

"Na Kivuti ukamfanya mchapishaji. Kwa nini?"

"Afande, mimi kwetu ni Mbeere. Wewe ukienda kwa mama mzee, unaanza tu kumhoji? Unaingia kwa mtoto wake wa kwanza. Huyo ndiye anakuketisha, anakuuliza shida yako, akiridhika anakwenda kumwita mama, anamtoa mbele yako, anasema, mama, ongea na mgeni. Asipomtoa, hakuna neno. Sasa hii kitu inauliza, ni nani alitoa haya maneno kwa watu? Nikaona ni Kivuti. Nani mwingine?"

Kiunga alimtazama usoni muda mrefu. Mtu anayedanganya, alikuwa akimwambia Phyllis, hukupa sababu tatu. Oscar alitoa moja tu na kuonekana kushangaa kwamba inahitajika.

"Niweke mimi," Kiunga akasema.

"Wewe?"

"Niweke kama kitabu. Nione."

Oscar akapiga ukuta, akajaza. "Umezaliwa mwaka gani?"

"Arobaini na moja."

"Mji, Meru. Na mgeni akija kwako, ni nani anakutoa?"

Kiunga akafikiri. "Phyllis."

Karatasi ilipotoka, ilisema kwamba mwaka wa 1941, hapa Meru, Phyllis alichapisha Kiunga. Mpaka leo Phyllis anayo ile karatasi, ameibandika ndani ya kabati la vyombo. Aliponionyesha kwa mikono jinsi ilivyokaa, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nimemharibia Mwalimu?" Oscar akauliza. Alikuwa ameacha kutabasamu.

"Bado sijui," Kiunga akasema.

*

Daktari Bundi, mwenyekiti wa kamati, alisikiliza habari ya visanduku mpaka mwisho bila kukatiza. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliopita mwanafunzi mwingine alikuwa amemdanganya kwa vitabu vya uongo, naye Bundi ndiye aliyekuwa ametia sahihi.

"Maelezo yako ni mazuri, Bwana Kiunga. Yanaonyesha jinsi watu walivyogeuka vitabu. Lakini nani amekuambia ni watu?"

"Anazo karatasi zake za mkono."

"Ameziandika mwenyewe. Hata mimi naweza kuketi chini ya taa niandike kwamba nimeongea na nyanya ishirini." Alishuka kwa kidole kwenye orodha, akarudi kwenye jina la kwanza. "Huyu. Nitafutie huyu Igoki. Kama yupo, na kama kweli alisema maneno haya, nitawaamini wengine wote. Kama hayupo, kazi imekwisha. Na Mukami asiende nawe. Sitaki shahidi aliyefundishwa la kusema."

"Nilishamkataza," Kiunga akasema.

Alhamisi asubuhi aliendesha pikapu yake akateremka kwa barabara hii yetu ya Mitunguu, akavuka Tharaka, akafika Ishiara jua likiwa kali. Ilikuwa siku ya soko. Aliuliza njia ya kwenda kwa Kivuti kwenye kibanda cha mama anayeuza ndengu.

"Kivuti yupi? Wa mbuzi au wa kesi?"

"Ana mama mzee?"

"Basi ni wa kesi," yule mama akasema, akamtazama viatu. "Wewe ni wa upande gani?"

"Mimi sina upande."

"Wenye viatu kama hivyo huwa na upande." Lakini akamwonyesha njia.

Kivuti alikuwa mtu wa miaka kama sitini, shavu moja limejaa majani ya muguka aliyokuwa akitafuna. Alimketisha Kiunga kwenye kiti nje ya nyumba, akamletea maji, akabaki amesimama.

"Shida yako?"

"Namtafuta mama anayeitwa Igoki."

"Kwa nini?"

"Kuna mwalimu mmoja wa Kiirua anasema aliongea naye, akaandika maneno yake. Nataka kujua kama ni kweli."

Muguka uliacha kutafunwa. "Aliandika maneno ya mama yangu? Juu ya nini?"

"Juu ya mtama."

"Hakuna mwalimu aliyekuja hapa."

"Una hakika, Mzee Kivuti?"

"Hapa hakuna mtu aliyeongea na mtu. Andika hivyo kwenye faili yako."

Kiunga aliitazama faili kwenye magoti yake. Ndipo akakumbuka swali la mama wa ndengu. Ardhi ya sehemu hiyo ilikuwa ikipimwa, ukoo na ukoo wakishtakiana, na kila mzee aliyejua mto ulipita wapi zamani alikuwa shahidi wa mtu fulani. Mgeni mwenye faili anayeuliza kama mama ameongea na mtu wa kuandika, angejibiwa nini kingine? Akaitoa faili magotini, akaiweka chini, mbali.

"Mimi si wa kesi ya shamba. Ningependa mama mwenyewe aniambie hivyo. Kisha nitaondoka."

Kivuti alifikiri, akaingia ndani, akatoka na mama yake amemshika kiwiko. Alikuwa mdogo wa mwili, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe cha kanisa, macho makali. Kivuti akamwambia kwa Kimbeere maneno machache. Kiunga, aliyekaa Embu miaka mingi, aliyasikia vizuri. Hakumwambia aongee na mgeni. Alimwambia amsalimie.

"Hujambo, mama."

"Sijambo."

"Unamjua mwalimu anayeitwa Mukami?"

Mama akamtazama mwanawe. "Simjui."

"Hakuna mwalimu aliyewahi kuketi hapa na kukuuliza habari za mtama?"

"Sijaona mwalimu."

"Sawa." Kiunga akasimama, akaokota faili yake, akampa Kivuti mkono. "Nitarudi niwaambie hivyo. Kesho kamati itamfukuza, lakini hiyo si shida yenu. Kwaherini."

Alikuwa amefika kwenye mlango wa pikapu aliposikia sauti nyuma yake.

"Watamfukuza hivyo na mtoto mgongoni?"

Kiunga akageuka taratibu. "Mtoto gani, mama?"

Igoki akapiga hatua moja mbele.

"Mimi sikusema ana mtoto," Kiunga akasema. "Nilisema mwalimu wa Kiirua."

Igoki akaketi kwenye kile kiti alichokiacha Kiunga. "Kivuti, mimi nimechoka kunyamaza. Yule msichana alikuja hapa na tumbo limeshuka. Nikamkataza kuketi chini, akakataa, akaketi chini. Alinisaidia kupepeta siku nzima. Nilimwambia ni msichana. Ni msichana?"

"Sitakwambia sasa," Kiunga akasema. "Usije ukaambiwa nilikufundisha."

"Mama!" Kivuti akasema. "Wale wa upande wa pili wakisikia maneno yako yako kwenye karatasi Meru, watasema umeonyesha watu mipaka. Watayaleta kortini!"

"Sikuonyesha mpaka. Nilionyesha chungu."

"Unakumbuka kila ulichosema? Siku nzima?"

Mama akamgeukia Kiunga.

Kiunga akarudi, akaifungua faili. "Maneno yake ninayo hapa. Yameandikwa kwa Kiingereza, lakini naweza kuwasomea kwa Kimbeere. Nikikuta mto, au mti wa mpaka, au jina la ukoo wa mtu, mniambie niende zangu, nami nitaondoka."

"Yote," Kivuti akasema. "Usiruke."

Akasoma yote. Kivuti alichuchumaa ukutani akisikiliza kama wakili. Kila aliposikia jina la mahali alinyanyua mkono, Kiunga akarudia, mkono ukashuka. Palikuwa na habari ya kuchoma majani makavu na kuchanganya jivu lake na mbegu, na ya kuning'iniza masuke ya mbegu juu ya moshi wa jikoni. Palikuwa pia na mke mwenza wa Igoki, marehemu, aliyekuwa akianika mtama nusu siku kisha anakwenda kupiga soga, halafu wadudu wakija analaumu chungu.

"Na hilo ameandika!" Igoki akaziba mdomo kwa kitambaa. "Ee Mungu. Kivuti, usiwaambie watoto wake."

"Ulilisema?"

"Nililisema. Kwani si kweli?"

Ulipokwisha ukurasa wa mwisho, hapakuwa na mto wala mti. Kivuti alitema muguka, akafuta mdomo.

"Sikukatazi kusema ukweli, afande. Kamwambie mkubwa wako mama yupo."

"Neno langu halitoshi. Wanataka kumwona."

"Hapo hapana. Mama akionekana anapanda gari na mtu wa faili kwenda Meru, kesho soko lote litasema tumeenda kununua ushahidi."

Igoki alikuwa ameshaingia ndani. Walimsikia akisogeza vitu. Alitoka na viatu vyake vya kanisa mkononi.

"Mimi huwa natolewa na wewe," alimwambia mwanawe. "Ni haki yako, tangu baba yako alale. Usiponitoa nitatoka mwenyewe, nipite katikati ya soko peke yangu na huyu mgeni. Sasa hiyo ndiyo itakuwa habari Ishiara."

Kivuti alimtazama Kiunga kana kwamba Kiunga ndiye aliyemzaa huyo mama. Kisha akaenda kutafuta koti lake.

*

Kamati ilikaa Ijumaa asubuhi kwenye chumba chenye meza ndefu. Bundi alikaa katikati na wenzake wawili kila upande. Mukami aliketi mwisho kabisa, mtoto amelala kwenye leso, macho yake kwenye sakafu. Hakuwa ameambiwa kitu. Kiunga alitaka iwe hivyo, hata kama ilimuuma kumwona.

Mlango ulipofunguliwa, aliyeingia kwanza ni Kivuti, koti limefungwa vifungo vyote. Alisimama mbele ya meza.

"Mimi naitwa Kivuti, mtoto wa kwanza. Yule mwalimu nilimketisha mimi, kwangu. Jana nilikataa, na kukataa kwangu kulikuwa kwa sababu za kwetu. Leo namtoa mama aseme."

Mmoja wa wale wenzake Bundi aliangalia orodha, halafu Kivuti, halafu orodha tena. "Daktari," akanong'ona, "nadhani mchapishaji amefika."

Igoki akaingia, Kiunga nyuma yake. Mukami aliinua uso, akaweka mkono mdomoni, lakini Kiunga alimwashiria asiseme. Bundi akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Akamvutia mama kiti.

"Wewe ndiye Igoki?"

"Ulitaka nani mwingine?"

"Unamjua yeyote katika chumba hiki?"

"Nawajua wawili. Huyu niliyemzaa, na yule anayelia pale mwisho. Huyu wa faili nimemjua jana."

"Yule pale mwisho mlifanya nini naye?"

"Tulipepeta. Alipepeta vibaya." Akamgeukia Mukami. "Mtoto ni msichana?"

Mukami akamtazama Kiunga, Kiunga akakubali kwa kichwa. "Ni mvulana, cucu," akasema, kama mtu anayemjibu nyanya yake.

"Mvulana! Na tumbo lile?" Igoki akatikisa kichwa. "Haya. Hapo nilikosea."

Bundi alimuuliza maswali mengine, akilinganisha na kurasa zilizokuwa mbele yake. Aliuliza jivu, akauliza moshi. Alipofika kwa mke mwenza, Igoki akasema hilo alimwachia Mungu, na Bundi akafunga ukurasa. Akavua miwani.

"Mwalimu Mukami."

"Naam, Daktari."

"Hujadanganya. Kamati itaandika hivyo, na barua itakwenda shuleni kwako Kiirua kabla uvumi haujafika. Marejeleo utayapanga upya, kwa mkono wako, na hawa wote utawaandika kama watu uliowahoji. Wasiitwe tena vitabu. Na ukurasa ule wa intaneti…" alisita. "Ukitumia, usome kilichotoka. Hata ukiwa leba."

Waliokuwa mezani wakacheka, na Mukami akacheka akilia. Kiunga anasema Bundi tayari alikuwa amechukua kalamu na kukata ule mstari wa kwanza. Akaandika juu yake kwa herufi safi, Igoki, mahojiano, Ishiara. Halafu kalamu ikasimama.

"Mama, hapa waliandika mwaka wa 1918."

"Mwaka huo nilizaliwa. Nilikuwa nalia tu, sikuwa na maneno."

"Sasa niandike mwaka gani?"

Igoki alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto akihangaika na kifungo cha shati.

"Andika mwaka huu," akasema. "Si bado nasema?"

Bundi akaandika.

*

Kutoka hapo Kiunga aliwapeleka wote nyumbani kwake, na hapa ndipo Phyllis alipoanza kuona kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa amepika wali na maharagwe na mboga, hajaambiwa ni watu wangapi, akalazimika kuongeza maji. Oscar naye alitokea mlangoni na mkate mkubwa chini ya kwapa, akasimama hapo mpaka Mukami alipomwambia aingie, asimfanye ainuke kwenda kumchukua. Aliomba msamaha kwa Igoki kwa kumfanya kitabu. Igoki akamuuliza ni mtoto wa nani huko Mbeere, na alipojibu, wakakuta kwamba shangazi yake ameolewa karibu na kanisa lao. Basi wakasahau msamaha. Oscar akala, akakumbuka biro ameiacha wazi na mwenye dawa anapiga simu anavyotaka, akakimbia.

Mchana huo ulikuwa wa joto. Kivuti alisema atakwenda tu kuangalia kama pikapu imefungwa, na Phyllis alipochungulia dirishani alimwona amejinyoosha nyuma ya gari, koti limefunika uso. Igoki alichukua mtoto, akamweka kifuani kwenye kochi refu, akaanza kumwambia jambo kwa Kimbeere, na katikati ya jambo akanyamaza. Wote wawili walikuwa wamelala. Mukami alikaa sakafuni, mgongo umeegemea kochi lilelile, karatasi na kalamu magotini, aanze kupanga orodha upya. Aliandika jina moja. Kichwa kikashuka.

Kiunga alikuwa kwenye kiti chake kando ya redio. Phyllis alimuuliza kama ataandika ripoti sasa.

"Nitaandika," akasema, macho yamefumba. "Nani mchapishaji?"

"Ni mimi," Phyllis akasema. "Lala."

Akalala. Phyllis akapunguza redio, akaondoa sahani polepole zisigongane. Akarudi akaketi kwenye kiti kidogo cha jikoni, awaangalie tu kidogo kabla ya kuosha vyombo. Mtoto alikuwa akipanda na kushuka na pumzi ya yule mama. Anasema alikuwa akifikiria kwamba maharagwe yalihitaji chumvi zaidi, na kwamba hakuna aliyelalamika, na hapo hapo, akiwa bado na kitambaa cha sahani mkononi, usingizi ukamchukua na yeye.